Unga wa silika: Tanga iuze mchanga au iuze golori?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

TANI moja ya mchanga wa silika uliooshwa na kuchekechwa huuzwa katika masoko ya dunia kwa makumi ya dola za Marekani. Tani moja ya silika hiyo hiyo, ikishasagwa kuwa unga na kila punje ikageuzwa kuwa ya mviringo kama golori, huuzwa kwa maelfu ya dola. Madaraja ya juu kabisa, yale yanayokaa karibu na chipu za kompyuta, hufika makumi ya maelfu.

Pengo hilo la bei ndilo mtaji wa madalali wanaozunguka Mkinga, Handeni na Kilindi hadi ukanda wa Pangani wakiulizia "mawe meupe" na mchanga mweupe. Mmoja wao, aliyekaa meza moja na mwandishi wa safu hii katika mgahawa jirani na stendi ya mabasi, alitoa mfukoni chupa ndogo yenye unga mweupe, akaiinamisha. Unga ule ulitiririka kama maji. "Huu umetokana na mchanga kama wenu," alisema. Alichokuwa akikitafuta, hata hivyo, hakikuwa unga. Alitaka mkataba wa kununua mchanga kwa lori, kwa bei ya mchanga wa kujengea nyumba, kwa muda wa miaka 10.

Hakudanganya kuhusu asili ya unga ule. Alichokiacha ni kilichopo katikati, baina ya lori la mchanga na chupa ile, na humo ndimo fedha zilimo. Wenye leseni za uchimbaji mdogo, wenye mashine za kukoboa mpunga na hata halmashauri zinazotoza ushuru wa mchanga wanahitaji kukijua kabla ya kutia saini karatasi yoyote.

Silika ni kitu cha kawaida mno. Ni muungano wa silikoni na oksijeni, na ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ya jiwe la kwatzi, ya kioo cha dirishani na ya majivu ya ganda la mpunga. Ufukwe wowote wa Tanga unayo. Bei haitokani na uhaba wa kitu chenyewe bali na mambo matatu: usafi wake, udogo wa punje na umbo la punje. Hilo la tatu ndilo geni kwa wengi.

MACHUNGWA YA MUHEZA

Fungua redio au simu iliyoharibika uangalie ndani. Vile vidude vyeusi vyenye miguu ya chuma ni chipu zilizofunikwa kwa plastiki ngumu. Plastiki hiyo ni gundi ya epoksi, lakini gundi ni sehemu ndogo tu ya uzito wake. Sehemu kubwa, asilimia 70 hadi karibu 90, ni unga wa silika.

Sababu ni joto. Gundi ikipata joto hutanuka sana, wakati chipu, ambayo ni kipande cha silikoni, hutanuka kidogo mno. Viwili hivyo vikishikamana bila kitu cha kuvipatanisha, chipu hupasuka au nyuzi zake nyembamba kuliko unywele hukatika. Silika iliyoyeyushwa karibu haitanuki kabisa, hivyo kadiri inavyozidi ndani ya gundi ndivyo mchanganyiko mzima unavyokaribia tabia ya chipu.

Tatizo ni namna ya kuijaza. Chukua kikapu ukijaze kokoto zenye ncha: zinashikana na kuacha matundu. Kijaze machungwa ya Muheza, nayo yatajipanga yenyewe na kuchukua takriban asilimia 64 ya nafasi. Tia ndimu katikati ya machungwa, kisha kunde katikati ya ndimu, kisha mtama, na nafasi tupu itaendelea kupungua. Watengenezaji wa plastiki ya chipu hufanya hivyo hasa: huchanganya golori za silika za ukubwa tofauti, kuanzia makumi ya mikroni hadi chini ya mikroni 1. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa njia hiyo gundi hubaki ikitiririka vya kutosha kuingia kwenye kalibu, ingawa silika imechukua zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake. Kwa punje zenye ncha, gundi yenye silika kiasi hicho ingekuwa nzito kama udongo wa kufinyangia, na ncha zenyewe zingekwaruza kalibu na kukata nyuzi.

Chipu siyo mteja pekee. Poda za uso na krimu hutumia golori za silika kwa sababu huteleza juu ya ngozi. Soko hilo limepata msukumo baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka 2015 ya kuondoa chembe za plastiki katika bidhaa za kuoshea mwili, na Umoja wa Ulaya kufuata mwaka 2023 kwa kanuni pana zaidi. Rangi za ukutani, maabara za kuchuja kemikali na viwanda vya kung'arisha mabamba ya silikoni navyo hununua.

NJIA YA MOTO

Njia inayotoa tani nyingi zaidi kwa ajili ya plastiki ya chipu ni rahisi kuisimulia. Kwatzi safi husagwa hadi kuwa unga, huoshwa kwa asidi kuondoa chuma, hukaushwa, kisha hupulizwa ndani ya mwali wa gesi na oksijeni wenye joto la nyuzi 2,000 hivi. Kwatzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,700. Punje ikiyeyuka ikiwa hewani, hakuna kinachoishika, na uso wake hujivuta wenyewe kuwa mviringo kama tone la maji linavyofanya juu ya jani la mgomba. Punje hupita ndani ya mwali kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, hukutana na hewa baridi, huganda ikiwa golori, kisha hunaswa kwa mitambo ya kimbunga na kutenganishwa kwa ukubwa.

Hapo fundi wa tanuri la chokaa atasema jambo hilo si gumu, na kwa kiasi fulani atakuwa na haki. Ugumu upo pembeni. Unga ukiingia kwa mafungu, punje hugandana na kutoka kama vishada vya zabibu. Mwali ukiwa dhaifu, nusu ya punje hutoka na ncha zao. Punje kubwa huhitaji muda mrefu zaidi ndani ya moto kuliko ndogo, kwa hiyo ni lazima zipangwe kabla ya kuingia. Kinu cha chuma cha kusagia kikichakaa, chuma chake huingia katika unga na kuushusha daraja, na ndiyo maana wenye viwanda hivyo hutumia vinu vilivyowekwa kauri ndani.

Kuna pia bili ya nishati. Kuipasha tani moja ya silika hadi joto hilo, hata kama hakuna joto linalopotea, kunahitaji nishati sawa na uniti 600 hivi za umeme. Kiutendaji sehemu kubwa ya joto hutoka na moshi, hivyo hesabu halisi ni mara kadhaa ya hiyo. Juu yake ongeza mtambo wa kutenga oksijeni kutoka hewani, ambao nao hula umeme usiku na mchana.

Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara, lililozinduliwa mwaka 2015, linaishia Dar es Salaam. Tanga ina umeme wa gridi, na maporomoko ya mto Pangani yamekuwa yakizalisha, kikiwamo kituo cha Hale cha mwaka 1964, na baadaye kituo kipya cha megawati 68 mwaka 1995. Ila mwali wa kuyeyusha kwatzi unataka gesi, na gesi ya mitungi iletwayo kwa meli haiwezi kushindana kwa bei na gesi ya bombani ya mshindani.

Jambo la kuzingatia hapa ni Singapore. Kampuni ya Denka ya Japani, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa golori hizi, ina viwanda huko, na Singapore haina mgodi wa kwatzi. Malighafi inasafirishwa kwenda mahali penye nishati ya uhakika, mafundi na wateja wa karibu. Vivyo hivyo wilaya ya Donghai katika jimbo la Jiangsu, China, iliyojulikana kwa fuwele zake, sasa hununua mawe kutoka Brazil, Madagascar na Zambia ili mitambo yake isisimame. Mwenye jiwe hana nguvu kubwa sokoni kama anavyodhani.

KUCHOMA SILIKONI YENYEWE

Wajapani wana njia nyingine. Mwaka 1990 kampuni za Toyota na Shin-Etsu zilianzisha kampuni iitwayo Admatechs, ambayo huchoma unga wa metali ya silikoni ndani ya oksijeni. Silikoni hulipuka na kuwa mvuke, mvuke huungana na oksijeni, nao hupoa na kuwa golori ndogo sana, kati ya mikroni 0.2 na 2 hivi. Ni golori safi na zenye bei nzuri. Lakini malighafi yake ni metali ya silikoni, ambayo yenyewe hutengenezwa kwa tanuri la umeme linalokula uniti zaidi ya 10,000 kwa tani. Kwa Tanga hiyo ni hadithi ya kusikiliza tu.

Matanuri hayo hayo ya silikoni hutoa moshi, na moshi huo ukinaswa katika vichujio ni unga wa golori ndogo mno za silika. Zamani uliachwa upepee hewani. Wanorwei walianza kuujaribu katika zege tangu miaka ya 1950, na leo huingizwa katika zege la madaraja na magati ili maji ya chumvi yasipenye hadi kwenye nondo. Mkoa wenye gati jipya la mita 450, lililochimbwa hadi kina cha mita 13, una sababu ya kuufahamu unga huo, lakini kama mnunuzi.

Ule unga mwepesi kama pamba unaotumika kuzuia rangi isichuruzike, uliogunduliwa na kampuni ya Degussa ya Ujerumani mwaka 1942, nao hutokana na moto. Dalali akiuita golori msimwamini: punje zake zimeshikana kama minyororo.

NJIA YA MAJI

Upande wa pili ni kemia ya majimaji, isiyohitaji nyuzi 2,000 za joto. Mwaka 1968 wanasayansi watatu, Stöber, Fink na Bohn, walichapisha namna ya kupata golori zinazolingana ukubwa kana kwamba zimetoka kalibu moja. Huchukua kemikali ya silika iliyounganishwa na spiriti, wakaitia ndani ya spiriti yenye maji kidogo na amonia, wakakoroga. Baada ya saa chache maji hugeuka meupe kama tui: golori zimezaliwa. Kwa kubadili kiasi cha amonia na maji, unachagua ukubwa, kuanzia mikroni 0.05 hadi 2.

Maabara yoyote ya chuo kikuu inaweza kuifanya. Tatizo ni gharama. Kemikali ile ya kuanzia huagizwa nje kwa mapipa, spiriti inayotumika ni nyingi mara nyingi kuliko silika inayopatikana, na isiporudishwa kwa kukenekwa upya biashara hufa wiki ya kwanza. Ni kweli kaskazini ina spiriti ya molasi inayotengenezwa Mwanga, Kilimanjaro, kando ya barabara kuu. Spiriti peke yake haitoshi.

Njia ya maji iliyo karibu zaidi na mfuko wa Mtanzania ni ya silikati ya sodiamu, yaani maji ya kioo. Wajasiriamali wa sabuni wanaijua kwa jina la silikati, kwani ndiyo wanayotia kuifanya sabuni ya mche iwe ngumu. Kiwandani hupatikana kwa kuyeyusha mchanga na magadi katika tanuri la nyuzi 1,400 hivi. Magadi hatuna shida nayo Afrika Mashariki: kampuni ya Magadi, Kenya, imekuwapo tangu mwaka 1911.

Maji ya kioo yakikutana na asidi, silika hujitenga. Ikiachwa ijitenge ovyo hutoka kama mabonge yasiyo na umbo, ambayo ndiyo silika ya kawaida ya dawa ya meno na ya matairi. Ili itoke mviringo kuna mbinu mbili kubwa. Ya kwanza ni kuyakoroga maji ya kioo ndani ya mafuta hadi yawe matone madogo, kama siki inavyofanya ndani ya mafuta ya kachumbari, kisha kuyagandisha matone hayo kwa asidi. Kila tone huwa golori. Ya pili ni kuondoa sodiamu kwa vichujio maalumu, ukapata maji yenye chembe ndogo mno za silika zilizo mviringo tayari, kisha kuyanyunyiza kwa nguvu juu ya mnara wenye hewa ya moto. Kila tone hukauka likiwa linaanguka, nalo hufika chini likiwa golori yenye vijitundu.

Wazee wa Tanga hawatashangazwa na mnara huo. Sabuni ya unga duniani kwa muda mrefu imekuwa ikitengenezwa kwa kunyunyiza uji wa sabuni ndani ya mnara wa moto, na mji huu ulijulikana nchi nzima kwa sabuni ya unga ya Foma. Kanuni ni ile ile. Tofauti ni ukubwa wa tone na usafi wa uji.

Golori za njia hii hazifai kufunika chipu za kisasa, kwa kuwa zina vijitundu na mabaki ya sodiamu. Kwa poda za uso, rangi na vibeba kichocheo zinafaa, na wateja hao hawadai usafi wa kutisha.

MALIGHAFI: UFUKWE, MWAMBA AU GANDA

Sasa turudi kwa dalali na lori lake. Mchanga wa ufukweni ndio rahisi kuuchota na ndio mbaya kuliko yote kwa golori za chipu. Kwanza una chumvi, na sodiamu ni sumu kwa chipu. Pili, pwani ya Tanga ina madini mazito: kusini mwa mji, katika eneo linaloitwa Tajiri, wataalamu wa kampuni za utafutaji wamepima mchanga wenye ilmenaiti, rutaili, zirkoni na ganeti. Ni habari njema kwa anayetafuta zirkoni. Kwa anayetafuta silika safi ni balaa, kwa sababu zirkoni hubeba chembe za urani na thori. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Intel waligundua kwamba mionzi hafifu kutoka katika vifuniko vya chipu ilikuwa ikibadilisha kumbukumbu za kompyuta, na tangu hapo wanunuzi wa daraja la juu hupima urani kwa sehemu moja katika bilioni.

Mawe ya kwatzi yaliyomo katika miamba ya kale ya bara, upande wa Handeni, Kilindi na bonde la Umba, yana nafasi nzuri zaidi. Jiwe linaloonekana jeupe, hata hivyo, si lazima liwe safi. Weupe wenyewe mara nyingi hutokana na viputo vya maji vilivyonaswa ndani, navyo hupasuka katika moto na kuacha matundu. Alumini na lithiamu zilizojificha ndani ya fuwele hazitoki hata kwa asidi. Ndiyo maana dunia nzima ilishtuka Septemba 2024 kimbunga Helene kilipofurika mji mdogo wa Spruce Pine, Marekani: kwatzi ya daraja lile haipatikani kila kilima.

Mteja wa kwanza wa kwatzi na mchanga safi wa Tanga, kwa maoni ya safu hii, yupo karibu zaidi. Ni wenye viwanda vya vioo, kama kile cha chupa cha Kioo Limited pale Chang'ombe, Dar es Salaam. Chupa nyeupe hutaka chuma kisichozidi sehemu 3 au 4 katika 10,000. Chupa za kijani na za kahawia huvumilia zaidi. Mchanga ukishindwa mtihani wa chupa, hakuna haja ya kuzungumzia chipu.

Malighafi ya tatu haimo ardhini. Tani moja ya mpunga ikikobolewa huacha yapata kilo 200 za maganda, zile pumba ngumu ambazo hata ng'ombe huzikataa. Zikichomwa, hubaki kilo 40 za majivu, na zaidi ya asilimia 85 ya majivu hayo ni silika. Si silika ya fuwele kama ya mchanga. Ni silika legevu, ambayo magadi makali huiyeyusha kwa joto la maji yanayochemka tu. Kwa maneno mengine, ganda la mpunga linakuokolea lile tanuri la nyuzi 1,400.

Sharti ni namna ya kuchoma. Moto ukivuka nyuzi 700 au 800, silika hugeuka fuwele, haiyeyuki tena kirahisi, na vumbi lake huwa la hatari. Maganda yakioshwa kwanza kwa asidi hafifu, hata ya ndimu, potashi hutoka na majivu huwa meupe. Yasipooshwa hubaki ya kijivu kwa kaboni iliyonaswa. Chungu ya maganda iliyowashwa moto nyuma ya mashine usiku kucha haitoi bidhaa hiyo.

Tuyapime kwa skimu ya Mombo, wilayani Korogwe, yenye yapata hekta 220. Tuseme kila hekta inatoa tani 5 na mkulima anavuna mara 2 kwa mwaka. Huo ni mpunga tani 2,200, maganda tani 440, silika isiyozidi tani 80. Kiwanda cha tani 1,000 kwa mwaka kingehitaji mpunga tani 27,000 na ushei, hivyo kingelazimika kufuata maganda hadi Ndungu na skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Maganda ni mepesi na hujaza behewa kabla ya kufikisha uzito, kwa hiyo busara ni kuyachoma huko huko na kusafirisha majivu. Reli ipo: treni za mizigo zilirejea kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi mwaka 2019. Aidha wachoma matofali nao huyataka maganda hayo. Siku kiwanda kitakapotangaza kununua, hayatakuwa ya bure tena.

YALIYOIPATA MBOLEA

Wapo wanaosema Tanga ijenge kiwanda kikubwa mara moja, mengine yatafuata. Mji huu umewahi kufanya hivyo. Kiwanda cha mbolea kilichojengwa na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi kilianza kazi mwaka 1972, kikiwa na kitengo chake cha asidi salfuriki, lakini salfa, amonia na potashi viliagizwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1983 mgodi wa fosfati wa Minjingu ulifunguliwa ili kukilisha. Fedha za kigeni zilipokauka, mitambo nayo ikaanza kusimama mara kwa mara, na mwaka 1991 kiwanda kilifungwa. Minjingu ikabaki na mawe bila mnunuzi wake mkuu, kwa vile mgodi ulikuwa umejengwa kwa ajili ya mlango mmoja.

Anayechora mradi wa maji ya kioo ajiulize maswali hayo hayo. Asidi itatoka wapi, na kwa fedha gani? Kila tani ya silika iliyotengwa kwa asidi salfuriki huacha takriban kilo 700 za chumvi ya salfati, je, nani ataichukua? Jibu la swali la pili lipo, kwani watengenezaji wa sabuni ya unga huitumia kama kijazio, mradi iwe imekaushwa. Ikimwagwa baharini mangrovu na wavuvi watalipa bili hiyo.

Kwa mtazamo wa safu hii, mpangilio unaoingia akilini ni huu: majivu meupe kwanza, yauzwe kwa wenye zege na sementi; kisha maji ya kioo kwa ajili ya sabuni, bidhaa ambayo soko lake lipo leo mitaani; na mnara wa golori mwishoni, mteja wa poda au rangi akishaonyesha oda ya maandishi. Mwali wa oksijeni usubiri bomba la gesi. Wapo watakaoona mwendo huo ni wa kobe.

KABLA YA KUTIA SAINI

Wenye leseni wakumbuke kwamba leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania, na sheria ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake inakataza kupeleka malighafi nje kwa ajili ya kuchakatwa huko. Mkataba unaosema "mchanga utasafirishwa kama ulivyo" upelekwe kwanza Tume ya Madini, na ushuru wa halmashauri utajwe ndani yake nani ataulipa.

Vumbi lisichukuliwe kwa mzaha. Tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la silika ya fuwele katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, mbali na ugonjwa wa mapafu kukakamaa ambao hauna tiba. Kwatzi isagwe ikiwa na maji. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii punje ya mikroni 5, na mnunuzi anayetaka jiwe lisagwe kavu kijijini, ili lori libebe zaidi, anahamisha gharama yake kwenda kwenye kifua cha msagaji.

Mwisho ni sampuli. Usimpe dalali jiwe zuri ulilochagua kwa jicho. Chukua vipande kutoka pande zote za shimo, juu na chini, uvivunje, uvichanganye, uvigawe mafungu mawili. Fungu moja lipelekwe maabara ya Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, na jingine ubaki nalo limefungwa na kuandikwa tarehe. Omba vipimo vya silika, chuma, alumini, titani, sodiamu na potasiamu, si silika peke yake, kwani asilimia 99 ya silika haisemi lolote kuhusu ile 1 iliyobaki. Karatasi ya majibu iwe kwa jina lako. Dalali akitaka kuiona, mpe kivuli.